Kwa nini mwana wa Lamu aende bara kusomea Kiswahili?

Bi mmoja anayesomesha chuoni (yaani chuo cha Kurani, madrasa) mtaa wa Langoni, Lamu, ameniandikia na kuniomba nimjibu hadharani, kwa kuwa anasema si yeye peke yake mwenye swali hili. Barua yake kwa ufupi:

"Assalaam alaykum. Mwanangu amepangiwa na KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo vikuu hapa Kenya, kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia katika chuo kikuu kimoja cha bara. Barazani wamcheka, ati aenda kusomeshwa lugha ya mamake na watu waliojifunza darasani. Nami najiuliza: hizi idara za Kiswahili zilianza lini, na nani alizianzisha? Kwa nini ya kwanza haikuwa kwetu, ilhali tungo wanazosomesha nyingi zimetoka Lamu, Pate na Siu? Na karatasi za wazee zilifikaje Ulaya? Nauliza kwa sababu nina sanduku la marehemu babu lenye karatasi kama hizo, na kuna mtu asema atoka chuo kikuu, ataka kuziazima."

Waalaykum salaam warahmatullah, bi mwalimu. Hongera kwa kijana. Hao wa barazani waache wacheke, maana hata hapa Malindi nawasikia wakisema hayo hayo, na ukiwaomba wakufafanulie ubeti mmoja wa utenzi wa zamani ghafla kila mmoja ana safari. Lakini ukiliondolea kejeli, swali lao ni la haki.

Nitaanza na lililo kubwa. Idara za Kiswahili hazikuanzishwa na watu waliokaa wakatafuta Kiswahili kilichokomaa kiko wapi. Zilianzishwa na ofisi zilizohitaji watu wa kukisema na kukiandika. Kwanza serikali za kikoloni na wamishenari, baadaye serikali zetu wenyewe, kila moja ilijenga darasa mlangoni pake. Ni sawa na mtu aliyejenga birika kwake, maji akawa anayachota kisimani kwa jirani. Jirani mwenyewe, kwa sehemu kubwa ya habari hii, ni Lamu.

Ukitaka mwaka wa kuanzia, shika 1887, na mji ni Berlin. Mwaka huo Wajerumani walifungua Seminari ya Lugha za Mashariki chini ya Chuo Kikuu cha Berlin, na Kiswahili kikawa miongoni mwa masomo yake. Sababu haikufichwa: walikuwa wanajitwalia Tanganyika na walitaka maafisa watakaoweza kutoa amri na kusikiliza kesi. Kwenu pia walikuwapo. Ile nyumba ya Posta ya Kijerumani mnayowaonyesha wageni Lamu ni ya wakati huo, 1888 hadi 1891, walipokuwa wameukumbatia usultani wa Witu, bara ya Lamu. Mkataba wa 1890 ndio uliowafanya waiachie Uingereza. Mara nyingine huwaza ingekuwaje kama wangebaki, kisha najikumbusha kwamba historia haifundishwi kwa "lau".

Aliyekabidhiwa somo la Kiswahili kule Berlin ni Carl Büttner, mmishenari aliyekuwa amefanya kazi kwa Waherero, Namibia ya leo. Kwa hivyo mwalimu mkuu wa mwanzo wa Kiswahili katika chuo cha Ulaya hakuwa mtu wa mwambao hata kwa kuishi. Pembeni yake aliwekwa Mswahili wa kutamka maneno na kusahihisha: kwanza Sleman bin Said kutoka Unguja, akafuatia Amur bin Nasur. Huo ndio mpangilio ninaotaka uukumbuke mpaka mwisho wa jibu hili, kwa sababu ulidumu mno. Profesa ni Mzungu mwenye nadharia, na mwenye lugha ni msaidizi.

Aliyeuonja uchungu wa mpangilio huo kuliko wote ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwanachuoni aliyetoka upande wa Bagamoyo. Alifika Berlin 1900 kusomesha katika Seminari hiyo. Wanafunzi wake walikuwa watu waliojiandaa kwenda kumtawala, na darasani walimdharau waziwazi mpaka akaacha kazi. Alioa Mjerumani. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani na mkewe, watawala wa Dar es Salaam wakakataa wasiteremke pamoja, ikabidi warudi Ujerumani. Baadaye alisomesha Hamburg, na akafia Berlin 1927. Maelezo aliyoandika juu ya desturi za Waswahili yanasomwa katika idara zetu hadi leo, na bado wapo wanaoyaita kazi ya Carl Velten, Mjerumani aliyeyahariri, kwa kuwa jina la Velten ndilo lililotangulia kwenye jalada.

Hamburg nako kulikuwa na taasisi ya kikoloni iliyofunguliwa 1908, na mwaka uliofuata Carl Meinhof akapewa kiti cha lugha za Kiafrika pale. Taasisi hiyo ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Hamburg 1919. Meinhof alikuwa bingwa wa kulinganisha lugha za Kibantu, na jina lake utalikuta tena Mombasa hivi punde. London walichelewa kidogo. Shule yao ya lugha za Mashariki, ile ambayo siku hizi kila mtu huiita SOAS, ilipata hati 1916 na kuanza masomo 1917.

Hapo ndipo Lamu yaingia, na yaingia kwa jina la mwanamke. Alice Werner alikuja Afrika Mashariki mwaka 1911 kwa ufadhili wa masomo, akakaa mpaka 1913, na sehemu ya muda huo aliutumia Lamu. Alirudi kwao, akafundisha London, na mapema miaka ya 1920 akawa profesa wa kwanza wa Kiswahili na lugha za Kibantu pale. Mtu huyu alikuwa na adabu ya kusikiliza, na katika mji wa wanawake wanaokaa ndani aliweza kuingia ambako mwanamume mgeni hangefika. Alikutana na Mwana Hashima binti Sheikh, ndiye yule binti ambaye Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alimtungia utendi wake mnamo 1858. Hebu fikiri: profesa wa London aliketi na mwenyewe aliyeusiwa. Mwana Hashima alifariki 1933, na mwaka uliofuata Werner na William Hichens wakautoa utendi huo kitabu.

Lakini mtu ambaye bila yeye idara za Ulaya zingekuwa na makabati matupu ni Muhamadi Kijumwa. Kwenu ni jina la nyumbani, ila vijana wengi wamjua kwa milango tu. Alizaliwa mnamo 1855 na kufariki 1945, na katika maisha hayo marefu alikuwa mchonga mbao, mtunzi, mwimbaji, fundi wa ngoma za gungu, na juu ya yote mwandishi wa khati, yaani Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Werner, Hichens, kisha Mjerumani Ernst Dammann, wote walipitia mkononi mwake. Walimwandikia kutoka Ulaya wakiagiza: tunakili utendi fulani, ututumie. Naye alikaa Lamu akanakili na kutuma kwa posta.

Nimewahi kukaa na nakala za kazi yake, na nasema hivi kama mtu aliyesahihisha mitihani mingi iliyoandikwa ovyo: mwandiko wake ni raha ya macho. Kila ubeti wa utendi ameulaza katika mstari mmoja. Vipande vinne vimepangwa kwa safu, na kati ya kipande na kipande kuna alama ndogo ya pambo, hivyo ukishusha jicho toka juu hadi chini waona vina vimesimama wima upande wa kushoto, maana khati yaanzia kulia. Kisha herufi. Herufi za Kiarabu hazitoshi sauti zetu, na mwandishi mvivu huandika b na p, au d na nd, kwa namna moja na kukuachia wewe ukisie. Kijumwa alijua msomaji wake ni Mzungu aliye mbali na hana wa kumuuliza, kwa hiyo aliongeza nukta na alama ili kila sauti ijitenge. Mwishoni huandika jina lake. Watu wa vyuo wakasoma, wakageuza kwa herufi za Kirumi, wakachapisha, wakapandishwa vyeo. Mgala muue na haki yake umpe: Hichens na Dammann walimtaja, na walimlipa. Lakini kiti cha uprofesa hakikuwa cha kutumwa kwa posta.

Na hao waliokuja hawakuwa wa namna moja. Dammann, aliyefika Lamu 1936 na mkewe Ruth, alikuwa mchungaji na msomi wa Hamburg, na pia mwanachama wa chama cha Hitler. Kazi yake juu ya tungo za Lamu ni nzuri, siwezi kuikana, na mkusanyo wake wa miswada uko Ujerumani. Huko Hamburg kuna mswada wa Utendi wa Tambuka wa Mwengo bin Athumani wa Pate, wenye tarehe ya 1141 Hijria, yaani 1728, unaotajwa miongoni mwa miswada ya kale kabisa ya Kiswahili iliyosalia. Basi swali lako la karatasi zilifikaje Ulaya lina jibu la kawaida sana. Nyingi hazikuibwa usiku. Ziliagizwa, zilinakiliwa, ziliuzwa, zilitolewa zawadi, na nyingine ziliazimwa. Neno hilo la mwisho nitalirudia.

Sasa tuje kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa hapa ndipo Lamu ilipopitwa.

Katika miaka ya 1920 watawala wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja waliona gharama ya kila mmoja kuchapisha vitabu vyake vya shule kwa Kiswahili chake. Wakataka kimoja. Mabishano yalikuwa baina ya Kiunguja na Kimvita, lahaja ya Mombasa. Wamishenari wa Mombasa, tangu enzi za Krapf aliyefika 1844, walikuwa wamewekeza katika Kimvita na walikiona ndicho chenye fasihi. Kiunguja kilikuwa na hoja ya namba: kilikuwa kimeshafuata misafara ya biashara hadi Tabora na Ujiji, na shule za Tanganyika zilikuwa zinakitumia. Mkutano ulifanyika Mombasa mwezi wa Juni 1928, Meinhof akiwapo kama mtaalamu mwalikwa, na Kiunguja kikashinda. Kiamu, lahaja yenu ya Lamu, hakikuwa hata na wa kukitetea kwa nguvu mezani. Lugha iliyokwisha kuandikiwa tenzi kwa mamia ya miaka ilihesabiwa ni lahaja ya kando, na tangu hapo mwanafunzi wa Lamu anayeandika kama anavyosema nyumbani hukutana na wino mwekundu.

Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya makoloni haya ikaanza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Wajumbe wa mwanzo walikuwa maafisa wa elimu na wamishenari. Kazi yao: kupitisha vitabu, kusawazisha tahajia, kutengeneza kamusi, ambazo zilitoka 1939 baada ya Johnson kufariki. Ukisikia jina "Kiswahili sanifu", hiyo ndiyo meza lilipotoka. Kamati hii ndiyo bibi wa idara zote za Afrika Mashariki, na ilikuwa bibi asiye na makao. Ilianza Dar es Salaam, ikahamia Nairobi wakati wa vita, 1952 ikaenda Makerere, mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikapita Mombasa, kisha ikarudi Dar. Mombasa ndiko ilikofika karibu nanyi kabisa, na haikukaa.

Mwaka 1964 ikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, ikaitwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili. Ndiyo ile TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu 1981. Lakini uchunguzi si ufundishaji. Fasihi ya Kiswahili kufundishwa chuo kikuu kwa Kiswahili chenyewe ni jambo aliloliasisi Farouk Topan, mzaliwa wa Unguja, pale Dar mwaka 1968. Idara ya Kiswahili ikasimama 1970. Idara na TUKI zikaishi kama nyumba mbili za mke wenza mpaka 2009, zilipounganishwa kuwa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Kwa nini Dar? Kwa sababu Tanzania ilikuwa na serikali iliyoamua Kiswahili kiendeshe ofisi, mahakama na shule za msingi. Ilihitaji walimu, watafsiri na istilahi, na ilikihitaji haraka. Serikali iliyojitenga na Kiingereza kwa makusudi ndiyo iliyoweza kulipia idara. Nyerere angeweza kupenda mashairi apendavyo (na aliyapenda). Bila bajeti yasingepata kiti.

Wakati huo huo Dar ilikuwa inakusanya miswada. J.W.T. Allen alizunguka mwambao kukusanya tungo na nakala za karatasi za majumbani, na orodha ya mkusanyo huo wa maktaba ya chuo ilichapishwa 1970. Lamu imejaa humo. Usimchanganye na James de Vere Allen, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Lamu miaka ya 1970. Hata wanafunzi wa uzamili humtaja mmoja wakimkusudia mwingine, na nimekwisha kuchoka kusahihisha.

Kenya njia ilikuwa nyingine. Baada ya uhuru shule zilisukumwa kwenye Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Kiswahili kikabaki somo la hiari. Mtikisiko ulitoka mahali pasipotarajiwa, yaani Idara ya Kiingereza ya Nairobi. Oktoba 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban Lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka wakitaka idara hiyo ivunjwe, na mahali pake isimame idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Kishindo cha waraka huo kilibadilisha masomo ya fasihi katika vyuo vingi vya Afrika. Kwa Kiswahili, matunda yake yalikuja kupitia Idara ya Isimu na Lugha za Kiafrika ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyojengwa chini ya Mohamed Hassan Abdulaziz, mtu wa Mombasa aliyekuwa ametangulia kufundisha Dar. Mwanao akikutana na makala za miaka ya 1970 zenye jina Abdulaziz Mkilifi, ni yeye huyo huyo. Ndiye aliyemwingiza Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa, katika mihadhara kwa usomi wa kileo, na kwa mara ya kwanza Kenya kiti cha mbele kikakaliwa na Mswahili wa pwani.

Lakini idara moja haifanyi mafuriko. Mafuriko yaliletwa na mtihani. Tume ya Gachathi ilipendekeza 1976 Kiswahili kiwe cha lazima na kitahiniwe, na pendekezo likalala mpaka mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) ulipoanza 1985. Kiswahili kikawa cha lazima msingi na sekondari, na kidato cha nne wa kwanza wa mfumo huo wakakifanyia mtihani 1989. Ghafla nchi nzima, kuanzia Turkana hadi Taita, ilitaka mwalimu wa Kiswahili katika kila shule. Chuo Kikuu cha Moi kilikuwa kimefunguliwa 1984, Kenyatta kikapata hadhi kamili 1985, Egerton 1987. Idara za Kiswahili zilizokua humo zilikua kama viwanda vya walimu. Hiyo ndiyo sababu mwanao amepangiwa Kiswahili pamoja na Historia: jozi hiyo imetengenezwa kwa ratiba ya shule ya sekondari. Sisemi kwa dharau, mshahara wangu mwenyewe ulitoka humo.

Pwani yetu ilingoja. Chuo kilichokuwa cha kilimo pale Kilifi kiligeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Kenyatta 2007, na 2013 kikapewa hati kuwa Chuo Kikuu cha Pwani. Toka Malindi ni mwendo wa matatu, chini ya saa mbili hata barabara ikiwa mbaya. Kiswahili kinafundishwa pale. Hesabu mwenyewe miaka toka 1887.

Labda sasa utaniuliza, je, watu wa Lamu walikuwa wapi muda wote huo? Walikuwa wanafundisha maprofesa. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa kisiwani kwenu Lamu 1927, alifunzwa tungo nyumbani na bibi yake, akafanya kazi na Makumbusho pale Fort Jesus, na sebule yake Mombasa ikawa kituo cha lazima kwa kila aliyeandika tasnifu ya ushairi wa kale. Wadachi wa Leiden walimchapisha, Wajerumani wa Bayreuth walikuja kumkalia miguuni. Runinga unayoitazama jioni ni neno lake. Alifariki 2017. Ukizisoma tasnifu hizo, tazama ukurasa wa shukrani: humo ndimo Lamu ilimokuwa. Huo ni ule mpangilio wa Berlin wa 1887 ukiwa umevaa nguo safi.

Kuna walioruka ukuta. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa 1969 kwa sababu ya waraka wake wa kuikosoa serikali, akatoka 1972, akapokelewa Dar katika TUKI, kisha London kwenye utangazaji, na kuanzia 1995 akafundisha Chuo Kikuu cha Leipzig hadi 2011. Sheikh Yahya Ali Omar, wa Mombasa pia, alifundisha SOAS kwa miaka mingi. Wote wawili walipata meza nchi za nje kabla nyumbani hapajawatafutia kiti, na hilo, bi mwalimu, laniuma mpaka leo.

Sasa kijana. Atakutana na nini? Mwaka wa kwanza atachoka. Atasikia fonolojia, mofolojia na sintaksia, na atajiuliza hivi ni Kiswahili au ni hisabati. Mwambie avumilie, kwa maana kuisema lugha na kueleza inavyofanya kazi ni elimu mbili. Mwenzake wa Kitale atampita katika karatasi ya sarufi, kwa kuwa yeye amejifunza kanuni moja moja, na mwanao hajawahi kuzihitaji. Ikija fasihi na ushairi atapumua. Huko atakuta ugomvi wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, tangu mwandishi wa Tanzania Kezilahabi atoe diwani yake ya 1974: vina na mizani ni uti wa mgongo au ni pingu? Asikimbilie kutetea kwao kwa hasira. Asome pande zote mbili, kisha aseme lake.

Lenye kunitia wasiwasi ni jingine. Katika idara nyingi za Kenya nilizozipitia, mwanafunzi aweza kuhitimu shahada ya Kiswahili, hata ya pili, bila kuweza kusoma mstari mmoja wa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Amesoma Utendi wa Mwana Kupona kwa herufi za Kirumi zilizopangwa na mhariri, na makosa ya mhariri ameyahesabu kuwa ni utamu wa lahaja. Hili latokana moja kwa moja na Kamati ya 1930, iliyojali kitabu cha shule. Leo ukitaka kufundishwa kusoma miswada hiyo kwa utaratibu, mara nyingi waambiwa uende Bayreuth, Leiden au Napoli. Mwanao amekulia chuoni kwako. Herufi anazijua tangu utotoni, Kiamu kimo kinywani, na anachokosa ni mazoezi ya kutambua b iliyo p. Kabla hajaondoka muweke na karatasi moja ya babu kila siku, aisome kwa sauti, wewe umsahihishe. Akifika mwaka wa nne akihitaji mada ya utafiti, wenzake wakiwa wanagombania riwaya zile zile za silabasi, yeye atakuwa na mada sandukuni. Na akitaka kulinganisha, sehemu ya miswada ya SOAS imewekwa kwenye intaneti, haina malipo.

Hilo latuleta kwa mgeni wako. Sijui ni nani, na huenda ni mtu mwema. Wengi wao ni wema. Lakini usimwazime. Karatasi ikishatoka nyumbani hufuata maisha ya aliyeichukua: hupata kazi nchi nyingine, hufa, wanawe hawajui kilichomo kwenye boksi. Siku hizi hakuna sababu ya karatasi kusafiri. Vitabu vya Msikiti wa Riyadha, ambavyo vingi ni vya Kiarabu, vilipigwa picha hapo hapo Lamu chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kumbukumbu zilizo hatarini, na vyenyewe vikabaki kwa wenyewe. Huo ndio mfano wa kumwonyesha akikwambia haiwezekani.

Mwambie aje nyumbani na kamera. Chagua saa za asubuhi, chumba chenye mwanga wa dirishani, wala si juani. Kila ukurasa upigwe mzima pamoja na ukingo wake, kwa mpangilio ulivyo, hata zile zilizo tupu, na usimruhusu akunjue kwa nguvu zilizoshikana. Usizitie gundi wala selotepu, utakuwa umeziua. Andika kwenye daftari: karatasi zilikuwa za nani, alizipata kwa nani, zilisomwa wakati gani, arusini, kwenye maulidi au matangani, na nani aliyekuwa akizisoma kwa sauti. Habari hizo hazimo kwenye karatasi na hakuna profesa atakayezipata ukishaondoka wewe. Makumbusho ya Lamu waweza kuwaendea wakushauri namna ya kuhifadhi. Kisha mgeni aandike na kutia sahihi kwamba akichapisha, jina la babu litakaa juu pamoja na lake. Picha zikiisha kupigwa, nakala ya kwanza aiweke kwenye simu ya mwanao kabla hajafunga begi lake.